Douglas Hyde: Kutoka redioni hadi ikulu kwa ajili ya lugha

Jioni ya tarehe 1 Januari 1926, katika chumba kidogo cha kurushia matangazo mjini Dublin, mzee wa miaka 65 mwenye masharubu mazito alisimama mbele ya kipaza sauti na kufungua rasmi utangazaji wa redio katika Dola Huru ya Ayalandi. Kituo chenyewe kiliitwa 2RN. Dola hiyo ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Ilizaliwa kutokana na mkataba uliotiwa saini na Uingereza mwezi Desemba 1921, na katiba yake ya mwaka 1922 ilikuwa imetangaza kwamba Kiayalandi ndicho lugha ya taifa. Mtu angetarajia mgeni wa heshima katika hafla ya namna hiyo alisifu bunge, aisifu katiba na kuushukuru mkataba. Mzee yule hakufanya hivyo. Aliwaambia wasikilizaji wake, kwa Kiayalandi na kwa Kiingereza, kwamba taifa haliundwi kwa sheria ya bunge wala kwa mkataba wowote, bali hujiunda lenyewe kutoka ndani, na kwamba kinachotangulia katika kuliunda ni lugha, kisha muziki, nyimbo, michezo na desturi za watu wake.

Mzee huyo alikuwa Dkt Douglas Hyde. Maneno yake yana ladha ya pekee kwa kuwa aliyeyatamka alikuwa na shahada ya udaktari wa sheria. Alikuwa ametoka kushindwa vibaya katika uchaguzi wa seneti miezi mitatu tu kabla. Na miaka kumi na miwili baadaye angekuwa rais wa kwanza wa Ayalandi, yaani mtu ambaye kila mswada ulihitaji saini yake ndipo uwe sheria. Ni maisha ya mtu huyu ninayotaka tuyatazame leo, hasa sisi tunaoingia darasani kila asubuhi kufundisha lugha, na wale wanaoketi mbele yetu. Suala lililomfuata tangu ujana hadi kaburini ni suala ambalo sisi pia hatujalimaliza: je, lugha huokolewa na sheria, au huokolewa na vinywa vya wanaoizungumza?

Hyde alizaliwa tarehe 17 Januari 1860 huko Castlerea, katika kaunti ya Roscommon, magharibi mwa Ayalandi. Babake, Arthur Hyde, alikuwa kasisi wa Kanisa la Kianglikana, na mnamo 1867 alihamishiwa Frenchpark, katika kaunti hiyo hiyo. Kwa kuzaliwa, basi, Hyde alikuwa mtu wa lile tabaka la Waprotestanti lililomiliki ardhi na vyeo, lililozungumza Kiingereza na kuelekeza macho yake London. Wakulima walioizunguka nyumba yao walikuwa Wakatoliki, wengi wao fukara, na wazee miongoni mwao walikuwa bado wakizungumza Kiayalandi. Kijana wa kasisi hakuwa na sababu yoyote ya kujifunza lugha ya watu wale. Haikuwa na cheo wala mtihani, na haikumpa mtu kazi.

Bahati yake, kama tunaweza kuiita bahati, ilikuwa ugonjwa. Alipelekwa shule ya bweni kwa majuma machache tu, akaugua surua, akarejeshwa nyumbani na hakurudi tena. Babake alimfundisha Kilatini na Kigiriki. Saa zilizobaki kijana alizimaliza nyikani na mzee aliyeitwa Seamus Hart, aliyekuwa mlinzi wa wanyama wa kuwindwa. Hart ndiye aliyemfundisha Kiayalandi. Si kwa kitabu, maana hakuwa nacho, bali kwa kutembea na kusema. Mzee huyo alipofariki mwaka 1875, kijana alihuzunika mno, na kwa muda ilionekana kana kwamba lugha nayo imezikwa. Lakini alikwenda kwa majirani wengine na kuendelea.

Kumbukumbu zake za kila siku za miaka hiyo zimehifadhiwa, na mwanaisimu hawezi kuzipita bila kutua. Kwa kuwa hakuwa amefundishwa tahajia ya Kiayalandi, ambayo ni ngumu hata kwa wenyewe, kijana aliandika sauti alizozisikia kwa kutumia kanuni za tahajia ya Kiingereza. Mwalimu mkali angezisahihisha zote kwa wino mwekundu. Hata hivyo, kwa kosa hilo hilo alituhifadhia matamshi ya lahaja ya Roscommon, lahaja ambayo leo haina tena mzungumzaji aliyezaliwa nayo. Nimewaambia wanafunzi wangu mara nyingi kwamba daftari la mtoto asiyejua kuendeleza maneno huweza kuwa ushahidi bora kuliko kamusi.

Hali ya lugha yenyewe wakati huo ilikuwa ya kusikitisha. Sensa ya mwaka 1851 ilihesabu watu kama milioni moja na nusu waliojua Kiayalandi; kufikia ile ya 1891 walikuwa wamepungua hadi chini ya laki saba. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliua watu wapatao milioni moja na kuwasukuma wengine kama hao ng'ambo, na waliokufa na waliohama walikuwa hasa maskini wa magharibi, ndio wasemaji wa lugha. Mahakama zilikuwa zimekwisha kukabidhiwa Kiingereza kwa sheria ya mwaka 1737. Shule za taifa zilizoanzishwa mwaka 1831 zilifundisha kwa Kiingereza. Katika maeneo mengi mtoto alivishwa kijiti shingoni, na kila alipoteleza na kusema neno la Kiayalandi kijiti kile kilitiwa alama. Jioni alama zilihesabiwa, na adhabu ikafuata kwa hesabu hiyo. Msomaji aliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza lugha ya mama katika uwanja wa shule hahitaji kuelezwa zaidi.

Jambo chungu ni kwamba aghalabu wazazi wenyewe walishirikiana na mwalimu katika kazi hiyo. Hakuna askari aliyeingia jikoni kumkataza mama asimwimbie mwanawe kwa Kiayalandi. Mama alikuwa ameona ni nani aliyepata kazi na ni nani aliyenusurika Marekani, akaamua mwenyewe. Hyde alisimulia jinsi alivyokutana na kijana mmoja huko magharibi, akamwuliza kwa Kiayalandi ikiwa yeye hazungumzi Kiayalandi, na kijana akamjibu kwa Kiingereza kwamba hicho hicho anachosema ndicho Kiayalandi. Wazazi walisema lugha moja, watoto wakajibu kwa nyingine, na wala watoto hawakujua kwamba ni lugha mbili. Kwa wanaosoma isimujamii, sijui mfano bora zaidi wa lugha inayokufa bila mtu kutangaza msiba.

Hyde aliingia Chuo cha Trinity mjini Dublin mwaka 1880. Alisoma theolojia kwanza, akitazamiwa kumfuata babake madhabahuni, kisha akageukia sheria. Alipata shahada ya kwanza ya sheria mwaka 1887 na ya udaktari mwaka 1888. Hakuwahi kuwa wakili. Hakuna mteja aliyewahi kumtetea. Wakati wenzake wakitafuta ofisi, yeye alikuwa akichapisha mashairi ya Kiayalandi kwa jina la kalamu An Craoibhín Aoibhinn, maana yake Kitawi Kizuri, na kuzunguka vijijini akikusanya ngano. Mkusanyo wake wa kwanza ulitoka mwaka 1889. Mwaka 1893 ukafuata ule wa nyimbo za mapenzi za Connacht, uliowafunza waandishi wa Dublin, W. B. Yeats miongoni mwao, kwamba chini ya Kiingereza cha wakulima palikuwa na fasihi nzima. Katikati ya hayo alifundisha lugha za kisasa kwa mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha New Brunswick, Kanada.

Tarehe 25 Novemba 1892 alitoa mhadhara mjini Dublin juu ya haja ya kuiondolea Ayalandi Uingereza uliopita kiasi. Hoja yake haikuwa chuki dhidi ya Waingereza. Alichowashangaa ni watu wake, waliotangaza kwamba wanawachukia Waingereza huku wakiwaiga katika mavazi, majina, vitabu na lugha. Walidai bunge lao wenyewe, lakini wakitupa kila siku kile ambacho kingewafanya wastahiki kuwa na bunge hilo. Ni hoja inayokera, na kwa hivyo ilisikika. Tarehe 31 Julai 1893 Muungano wa Kigaeli, Conradh na Gaeilge, uliundwa. Eoin MacNeill ndiye aliyekuwa injini yake, naye Hyde akawa rais wake wa kwanza.

Sharti moja alilolishikilia Hyde ni kwamba Muungano usiwe na chama. Mkatoliki na Mprotestanti, mwenye shamba na kibarua, anayetaka uhuru na anayempenda Malkia, wote wangeweza kuketi kwenye benchi moja na kujifunza vitenzi. Madarasa yalifunguliwa, waalimu wakatumwa kwa baiskeli kutoka kijiji hadi kijiji, na kufikia mwaka 1904 kulikuwa na matawi karibu 600. Wanawake walijiunga na wanaume kwa haki sawa, jambo ambalo halikuwa la kawaida siku hizo.

Lakini hata mtu asiyetaka siasa hukutana na serikali mlangoni. Mwaka 1899, tume iliyokuwa ikichunguza elimu ya sekondari ilipelekewa ushahidi na maprofesa wawili wa Trinity, Mahaffy na Atkinson, waliodai kwamba Kiayalandi hakina faida ya kielimu na kwamba fasihi yake haifai vijana. Hyde hakujibu kwa matusi. Aliwaandikia wataalamu wa lugha za Kikelti katika vyuo vikuu vya Ulaya, hasa Ujerumani, akarudi mbele ya tume na barua zao. Wageni walioisoma lugha hiyo kwa miaka mingi waliwapinga wenyeji walioidharau bila kuijua. Somo likabaki katika mitihani. Hapo ndipo naiona ile shahada ya sheria ikifanya kazi: alijua kwamba mbele ya baraza la namna hiyo hasira si ushahidi.

Wengine hawakubahatika. Mwaka 1905 mshairi wa Donegal, Niall Mac Giolla Bhríde, alishtakiwa kwa kuandika jina lake kwenye mkokoteni wake kwa Kiayalandi na kwa herufi za Kiayalandi. Sheria ilitaka jina la mwenye mkokoteni lisomeke. Aliyemtetea katika mahakama kuu ya Dublin alikuwa Patrick Pearse, mwanachama wa Muungano, ambaye alikuwa amehitimu uwakili lakini akauacha kwa ajili ya kuhariri gazeti la lugha. Pearse alishindwa. Mahakama iliamua, kwa maneno mengine, kwamba jina la Mwayalandi lililoandikwa kwa Kiayalandi nchini Ayalandi halisomeki. Kesi ilihusu faini ndogo tu, lakini waliofuatilia waliondoka na funzo kubwa: kama mahakama ni ya mwingine, hata jina lako ni la kigeni. Pearse aliondoka na funzo hilo akalipeleka mbali.

Kuanzia mwishoni mwa 1905 hadi katikati ya 1906 Hyde alizunguka Marekani akiwahutubia Waayalandi wa huko na kuchangisha zaidi ya pauni 10,000. San Francisco ilipokumbwa na tetemeko la ardhi mwezi Aprili 1906, alirudisha sehemu ya fedha zilizochangwa huko ziwasaidie waathiriwa. Alirudi nyumbani akiwa shujaa, na mwaka 1909 akawa profesa wa Kiayalandi cha kisasa katika chuo kikuu cha Dublin kilichokuwa kimeundwa upya, kazi aliyoishika hadi 1932.

Hapa lazima nimtazame Hyde kwa jicho la ukosoaji, maana wanaomsifu hupenda kuruka ukurasa huu. Chuo Kikuu cha Taifa kilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1908, Muungano ulidai kwamba Kiayalandi kiwe sharti la kujiunga, na Hyde aliunga mkono dai hilo kwa nguvu zake zote. Maaskofu wengi walipinga. Padri Michael O'Hickey, profesa wa Kiayalandi katika seminari ya Maynooth, aliwashambulia kwa ukali akafutwa kazi mwaka 1909. Mwaka 1910 dai likakubaliwa, litekelezwe kuanzia 1913. Kwa hivyo mtu aliyekuja kuwaambia wasikilizaji wa redio kwamba sheria haiundi taifa ndiye aliyekuwa ametumia kanuni ya lazima kuliingiza somo lake chuoni. Sidhani alikuwa mnafiki. Nadhani aliona kwamba kanuni inaweza kuufungua mlango wa darasa, na akatumaini kwamba upendo ungeingia kupitia mlango huo. Sisi tuliokuwa walimu au wanafunzi Kiswahili kilipofanywa somo la lazima la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 tunajua kwamba mlango hufunguka kweli. Kilichoingia baada ya hapo, kila mwalimu anajua la darasani mwake.

Siasa aliyoikimbia ilimkuta Dundalk. Katika mkutano mkuu wa Muungano wa mwaka 1915 vijana waliokuwa wakijiandaa kwa mapinduzi walipitisha azimio la kuongeza uhuru wa Ayalandi katika malengo ya Muungano. Hyde, baada ya miaka 22 kitini, alijiuzulu. Mwaka uliofuata, wakati wa Pasaka, Pearse aliongoza maasi mjini Dublin na kupigwa risasi na Waingereza pamoja na wenzake. Wengi wa waliotia saini tangazo lao la jamhuri walikuwa wamepitia madarasa ya Muungano. Hyde alikuwa ameunda shule ya lugha nayo ikazaa jeshi. Wanahistoria bado hubishana kama alikuwa na haki ya kushangaa. Kwa maoni yangu hakuwa nayo. Huwezi kumfundisha mtu kwa miaka ishirini kwamba yeye si Mwingereza, kisha umtake atosheke na kunyambua vitenzi.

Baada ya uhuru na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922 na 1923, serikali mpya ilimkumbuka mzee. Mnamo Februari 1925 aliingizwa katika seneti kujaza nafasi iliyoachwa wazi. Septemba mwaka huo ukafanyika uchaguzi wa ajabu: nchi nzima ilikuwa jimbo moja, wagombea 76 wakiwania viti 19. Hyde, aliyekuwa labda mtu aliyejulikana kuliko wote katika orodha ile, alipigwa vita kwa madai kwamba alikuwa akiunga mkono talaka, naye akaangushwa. Nchi iliyokuwa imejitwalia lugha yake kama nembo ilimwona mwenye lugha kuwa Mprotestanti kwanza. Ni katika hali hiyo alipoalikwa kusimama mbele ya kipaza sauti cha 2RN.

Tukiyasoma maneno yake ya usiku ule tukiyajua haya, hayasikiki tena kama salamu za mwaka mpya. Wakati ule serikali ilikuwa imeanza kukifanya Kiayalandi cha lazima shuleni, na hatimaye, mwaka 1934, mwanafunzi asiyefaulu Kiayalandi hangeweza kupata cheti cha kumaliza sekondari. Sharti hilo lilidumu hadi 1973. Kazi za serikali nazo zilidai Kiayalandi. Mwalimu alikuwa amepewa jukumu la taifa zima, huku wabunge waliompa jukumu hilo wakijadiliana kwa Kiingereza. Redio yenyewe, licha ya kufunguliwa kwa lugha mbili, ilijazwa hasa na Kiingereza.

Katiba mpya ya mwaka 1937 iliyoongozwa na Éamon de Valera ilienda mbali zaidi. Ilikitangaza Kiayalandi kuwa lugha rasmi ya kwanza, na ikaweka kwamba matini ya Kiayalandi ya katiba ikigongana na ya Kiingereza, ya Kiayalandi ndiyo itakayoshinda. Katiba hiyo ilihitaji rais, na vyama viwili vikubwa, vilivyokuwa vimeuana miaka kumi na mitano kabla, vilihitaji mtu ambaye hakuna aliyekuwa na kisasi naye. Walikubaliana juu ya Hyde bila uchaguzi. Tarehe 25 Juni 1938, akiwa na miaka 78, alitamka kiapo chake katika Kasri la Dublin kwa Kiayalandi. Sauti yake ilirekodiwa, nayo ni mojawapo ya rekodi chache tulizo nazo za lahaja ya Roscommon. Ile lugha ya Seamus Hart, aliyetembea nyikani na bunduki na mbwa, ndiyo iliyotumika kumweka mkuu wa dola kitini.

Uongozi haukuwa mwepesi. Mwezi Novemba mwaka huo alihudhuria mechi ya kandanda kati ya Ayalandi na Poland, kama anavyofanya rais yeyote. Chama cha Michezo cha Kigaeli, ambacho yeye alikuwa mlezi wake, kiliikataza michezo ya kigeni, hivyo mnamo Desemba kikamwondoa katika nafasi hiyo. Mtu aliyetaja michezo ya jadi katika hotuba ya 1926 aliadhibiwa kwa kutazama mpira! Siku ya mwisho ya mwaka huo huo mkewe, Lucy, alifariki. Mwezi Aprili 1940 Hyde alipata kiharusi, na kuanzia hapo alitumia kiti cha magurudumu.

Hata hivyo katika miaka hiyo ndipo yule daktari wa sheria asiyewahi kuvaa joho la uwakili alipoifanya kazi ya kisheria iliyo kubwa kuliko zote maishani mwake. Katiba ilimpa rais uwezo wa kuupeleka mswada kwenye Mahakama ya Juu kabla ya kuutia saini, iwapo una shaka ya kikatiba. Aliutumia uwezo huo mara mbili. Mara ya kwanza, mwaka 1940, ilihusu kuwafunga watu bila kuwashtaki, na mahakama ikauruhusu mswada. Mara ya pili ilihusu shule.

Mswada wa Mahudhurio ya Shule wa mwaka 1942 ulitaka mtoto asiyekwenda shule zilizotambuliwa asihesabiwe kuwa anapata elimu ifaayo mpaka waziri aithibitishe elimu hiyo pamoja na namna inavyotolewa. Wengi waliuona kuwa umewalenga wazazi waliokuwa wakiwakwepesha watoto wao Kiayalandi kwa kuwafundishia nyumbani au kuwapeleka shule za nje. Kwa hivyo, ukiutazama kwa juu, ulikuwa mswada wa kuilinda lugha ambayo Hyde aliipenda kuliko kitu chochote. Saini yake ingetosha. Lakini baada ya kushauriana na Baraza la Taifa aliupeleka mahakamani, na mwaka 1943 majaji wakaukataa: dola inaweza kudai kiwango fulani cha chini cha elimu, walisema, lakini haiwezi kumwamuru mzazi namna ya kukifikia. Msomaji atakumbuka kwamba rais aliyeketi kwenye kiti kile cha magurudumu alikuwa yeye mwenyewe mtoto aliyefundishwa nyumbani, na kwamba Kiayalandi chake hakukipata kwa mkaguzi wa shule yeyote.

Nikifikiria miaka saba ya urais wake, jambo moja hunijia kila mara. Karibu kila mswada uliowekwa mezani pake ulikuwa umeandikwa na kujadiliwa kwa Kiingereza. Mtu aliyeifufua lugha alitia saini, siku baada ya siku, sheria zilizoandikwa kwa ile lugha nyingine, katika nchi ambayo katiba yake iliitaja ya kwanza kuwa mshindi. Sensa ya mwaka 2022 inaonyesha mavuno ya pande zote mbili za hoja yake: zaidi ya watu milioni moja na laki nane walisema wanaweza kuzungumza Kiayalandi, na wengi wao walikipata darasani kwa nguvu ya sheria, wanaokizungumza kila siku nje ya shule ni kama 72,000. Nimekutana na walimu wa Kenya wanaozitaja takwimu hizo kama ushahidi kwamba juhudi zote zilikuwa bure. Siwezi kukubaliana nao. Mwaka 1892 hakuna mtu mwenye busara aliyetarajia kwamba kungekuwa na hata 72,000. Wala siwezi kukubaliana na wale wanaotaja milioni ile ya kwanza na kunyamaza.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi hapa. Masista wa Loreto kutoka Ayalandi waliwasili Kenya mwaka 1921, na mapadri wa Kiayalandi wamewafundisha Wakenya wengi kwa vizazi. Walifundisha kwa Kiingereza, na wakakifundisha vyema. Ni wangapi miongoni mwa wanafunzi wao waliowahi kuambiwa kwamba bibi na babu za walimu hao walivishwa vijiti shingoni?

Hyde aliondoka madarakani tarehe 25 Juni 1945 na kufariki tarehe 12 Julai 1949, akiwa na umri wa miaka 89. Ibada ya mazishi yake ilifanyika katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, ambalo ni la Waanglikana. Kanisa Katoliki wakati huo liliwakataza waumini wake kuhudhuria ibada za madhehebu mengine, kwa hivyo mawaziri wa serikali, isipokuwa wachache, walibaki nje katika magari yao wakingoja jeneza la rais wao wa kwanza litolewe. Kisha msafara ukaelekea magharibi hadi Roscommon, na akazikwa Portahard, karibu na Frenchpark, kando ya kanisa dogo ambamo babake alihubiri kwa Kiingereza, si mbali na nyika alizotembea na Seamus Hart.